Kula Kwanza

Télesphore alipoanza kuosha vikombe asubuhi ile bila kuambiwa na mtu, Donatienne angepaswa kushtuka palepale. Hakushtuka. Alidhani mumewe ana kosa fulani analotafuta namna ya kuliungama, akamwacha aoshe. Mwanamume akiamua kuosha vyombo Jumamosi, umuulize nini? Unakaa, unakunywa chai yako ingali moto, unamshukuru Mungu.

"Mama Inès," Télesphore akasema, akiwa amempa mgongo, "leo twende tukaone samaki."

"Samaki gani?"

"Samoni. Wanatoka ziwani, wanapanda mto kwenda kutaga. Wanaruka hata maporomoko. Kazini kila mtu anasimulia."

Donatienne alicheka mpaka chai ikampalia. Huyu ni mtu wa kungoja lifti dakika kumi ili ashuke ghorofa mbili! Miaka saba wamekaa ughaibuni, mtaa wa Weston, mto Humber unapita chini ya dirisha lao la kulala, na siku zote hizo Télesphore aliutazama kwa kupitia kioo tu, akisema baridi ya nchi hii si ya kuifuata iliko. Leo ameomba ruhusa kiwandani, na kiwanda cha mikate hakitoi ruhusa ya Jumamosi hivihivi, ili aende kutazama samaki asiotaka kuwala.

Inès, binti yao wa miaka kumi na mitano, alikuwa ameshavaa viatu. Hilo nalo lilikuwa ajabu. Kwa kawaida ukimwambia Inès kutembea anakujibu kwa Kiingereza sentensi tatu za haraka, na mlango wa chumba chake unafungwa. Leo alimletea mama yake koti bila kutumwa. Brice peke yake, mwenye miaka minane, ndiye aliyekuwa kama alivyo siku zote, anarukaruka ukumbini na kuuliza kama samoni wana meno.

"Simu yangu iko wapi?" Donatienne akauliza.

"Iko kwenye chaji, iache. Leo tuwe sisi tu."

Akaiacha. Ilikuwa Jumamosi nzuri ya mwezi wa kumi, jua lipo, na yeye wiki nzima alikuwa amewainua wazee wa watu kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi kitandani, kule kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Mgongo ulimuuma. Kutembea na mume aliyeosha vikombe ni jambo zuri, akajiambia, acha maswali.

Walipanda basi vituo vichache kuelekea kusini, wakashuka, wakaingia njia inayofuata mto chini ya miti. Majani yalikuwa mekundu na ya njano, mengine yamelala njiani yameloa. Watu walikuwa wengi, wazee na fimbo zao, wenye mbwa, wenye watoto mgongoni. Télesphore alibeba begi. Kila baada ya hatua kumi alimwangalia mkewe usoni halafu akaangalia mbele.

Brice akaanza kuvuta makamasi.

"Lete begi, nimpe karatasi," Donatienne akasema.

"Nitatoa mimi," Télesphore akasema haraka. Lakini Donatienne alikuwa ameshashika zipu, na akina mama hawangoji ruhusa ya kufungua begi. Akafungua.

Ndani mlikuwa na chupa ya chai. Chapati zimefungwa kwenye karatasi ya foili. Mayai ya kuchemsha, manne, ndani ya kikopo. Na chini kabisa, kimekunjwa vizuri, kitenge chake cha kijani.

Donatienne akasimama.

Hapa inabidi msomaji aelezwe Donatienne ni nani, maana mtu mwingine angekiona kitenge kile akafikiri ni cha kutandika chini. Kule kanisani kwao, kanisa la Wakongo na Warundi linalokodi ukumbi kila Jumapili, yeye ndiye aliyetumwa kila mara mtu akifiwa na watu wa nyumbani. Desturi yao haikubali mtu aambiwe msiba kwa simu, wala aambiwe akiwa peke yake, wala aambiwe akiwa na njaa. Basi habari ikifika kutoka Uvira au Bukavu au kambi za wakimbizi, inapitishwa kwanza kwa wengine wote, na mwenyewe anakuwa wa mwisho kujua. Anatolewa nyumbani kwa kisingizio. Huku nyuma wanawake wanaingia, wanasukuma makochi ukutani, wanapanga viti, wanaweka sufuria jikoni. Akirudi anakuta watu wamejaa, na pasta amesimama, na hapo haambiwi tena kitu, ameshaelewa, kilichobaki ni kumshika asianguke.

Kazi ya kumtoa mtu nyumbani ilikuwa ya Donatienne. Aliijua kama mapishi. Mfiche simu. Mvalishe viatu vya chini. Mlishe, hata kwa nguvu, kwa sababu akishajua hatakula siku mbili. Na kitenge usisahau, maana mwanamke akilia anahitaji kitu cha kujifunga kiunoni, asije akajiaibisha mbele za watu. Yote hayo alifundishwa na mama yake kule Uvira, aliyeifanya kazi hiyohiyo mtaani kwao miaka arobaini. Mwaka juzi Donatienne alimpeleka rafiki yake Jacqueline kununua mapazia. Walizunguka madukani saa tatu nzima wakibishana juu ya rangi, na wakati wote huo baba yake Jacqueline alikuwa ameshazikwa.

Na yai la kuchemsha lilikuwa wazo lake yeye. "Yai halihitaji hamu," ndivyo alivyowaambia akina mama. "Linateremka lenyewe."

Jamani! Hata hawakubadilisha chochote.

"Umepata karatasi?" Télesphore akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nimepata," Donatienne akasema. Akampangusa Brice pua, akafunga zipu, akaendelea kutembea. Miguu ilitembea yenyewe. Inès akamshika mkono, Inès ambaye tangu atimize miaka kumi na miwili hakumshika mama yake mkono mbele za watu, na Donatienne akaelewa kwamba mtoto naye anajua.

Basi nani?

Hesabu yake haikuwa ndefu. Baba yake alikufa zamani. Huko Uvira amebaki mama yake, mwenye miaka sabini na miwili, moyo dhaifu, miguu inayovimba. Na amebaki Fabrice, mdogo wake, kitinda mimba, anayekaa na mama, anayemnunulia dawa, anayemwogesha miguu kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Ni hao wawili tu. Mmoja wao hayupo tena, na Télesphore anayetembea pembeni na begi lake anajua ni yupi.

Angeweza kumuuliza. Télesphore hajui kusema uongo, angemwaga yote hapohapo njiani. Lakini Donatienne hakutaka. Maadamu alikuwa hajauliza, wote wawili walikuwa hai. Mama ameketi barazani, Fabrice anachochea moto. Akifungua mdomo tu, mmoja anaondoka.

Halafu moyoni likaja jambo ambalo hakuliita. *Ee Mungu, awe Mama.*

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mama aliyemzaa! Aliyembeba mgongoni wakikimbia mwaka ule wa vita, aliyeuza samaki wadogo wa ndagala sokoni kwa miguu hiyohiyo iliyovimba ili yeye asome! Lakini wazo halikuondoka. Mama ameishi. Mama ameona wajukuu, hata kama ni kwenye simu. Fabrice ana miaka thelathini na mmoja, ana mchumba, na mahari imeshaanza kuzungumzwa. Fabrice akiondoka, nani atamwogesha Mama miguu? *Awe Mama,* moyo ukasema tena, naye akaulaani moyo wake, na moyo ukasema mara ya tatu.

"Mama, sikia!" Brice akapiga kelele. "Maji!"

Mngurumo ulisikika kabla ya mto kuonekana. Walipotoka kwenye miti waliona ukuta wa saruji umekata mto kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yakimwagika juu yake, meupe, kimo cha mtu mzima. Watu walijaa ukingoni. Hawakuongea kwa sauti. Kila mmoja alikuwa ameelekeza macho mahali maji yanapoangukia, na ghafla samaki akatoka humo, mkubwa kama mkono wa mwanamume toka bega hadi vidole, akaruka, akagonga ukuta, akarudi chini.

"Aaa," watu wote wakasema pamoja.

Akaruka mwingine. Naye akagonga, akarudi.

Inès akaeleza kwa Kiingereza, taratibu kuliko kawaida yake, kwamba samoni hawa walizaliwa huko juu, wakaenda kukulia ziwani, na sasa wanarudi walikozaliwa. Hawali kitu tangu waingie mtoni. Wanataga, halafu wanakufa.

"Wote?" Brice akauliza.

Inès akamtazama baba yake kabla ya kujibu. Akasema ndiyo, wote.

Brice alishachagua wake, mwenye doa jeupe mgongoni, pengine jeraha. Huyo aliruka mara tatu, na mara zote tatu alirudi. Donatienne alimtazama bila kupepesa. Alimchukia kidogo, kusema kweli. Tulia basi, alitaka kumwambia, nani anakufukuza?

Télesphore alipata benchi, akakaa, akafungua begi akiwa amelipindua upande ili kitenge kisionekane. Maskini mtu wa watu. Akamenya yai. Vidole vyake vinene vya kukandia mikate vilibandua ganda vipande vidogovidogo.

"Kula, Mama Inès."

"Sina njaa."

"Kula kidogo. Tafadhali."

Akalitazama yai lile. Wangapi aliwalazimisha kula yai kama hilo! Alikumbuka uso wa Jacqueline pale kwenye viti vya dukani, mashavu yamejaa yai, akicheka, akisema Donatienne kwa nini unanilisha kama mtoto. Hakujua wakati ule kwamba ni ukatili. Au haukuwa ukatili. Sasa ameketi upande wa pili wa yai na bado hakujua.

Akalichukua, akala. Lilikuwa na chumvi ya kutosha. Lilishuka lenyewe, kama alivyokuwa akiwaambia wengine.

"Lete la pili," akasema.

Télesphore akainua kichwa. Walitazamana, na hapo akaelewa kwamba mkewe anajua, na macho yake yakajaa machozi mara moja, mbele ya Wazungu na mbwa wao.

"Dona..." akaanza.

"Usiseme. Acha nile kwanza."

Akamenya mwenyewe la pili, akala polepole, akanywa na chai. Inès alikuwa amemvuta Brice mpaka ukingoni, anamwonyesha kitu majini ambacho hakikuwapo. Juu ya daraja la mbali treni ilipita. Donatienne akapangusa vidole kwenye koti. Alitaka kusema, haya, niko tayari, niambie. Ulimi ulikuwa tayari.

Ndipo jogoo akawika kwenye koti la Télesphore.

Watu wawili watatu wakageuka. Jogoo akawika tena, kwa nguvu. Ulikuwa mlio wa simu ya Donatienne, ile iliyosemwa iko nyumbani kwenye chaji, na jogoo huyo aliwekwa na Brice kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani, ili mama yake asikose kumpokea hata akiwa usingizini. Jogoo alikuwa Koko, kama watoto walivyomwita bibi yao wa Uvira.

Mama yuko hai!

Furaha ilimpiga kifuani hata akasimama. Mama anapiga simu, Mama yuko hai, asante Yesu! Ilikuwa furaha ya kweli, nzima, naye aliishi ndani yake muda wa mlio mmoja wa jogoo. Mlio uliofuata ulipoanza alikuwa ameshakaa tena.

"Ni Fabrice," akasema.

Télesphore akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameishika simu mikononi bila kujua aifanyeje. "Jana asubuhi. Pikipiki, njia ya Baraka. Alikwenda kumfuatia mama dawa." Akaifunika simu kwa kiganja. "Mama hajaambiwa. Wajomba wanasema wanakungoja wewe. Wanasema wewe ndiwe unayejua aambiwe vipi."

Jogoo akanyamaza. Kisha akaanza upya.

Donatienne alinyoosha mkono. Télesphore akasita, akampa. Akavuta pumzi, akajipangusa uso na kiganja chote, akageuza simu ili iangalie maji badala ya kumwangalia yeye, ndipo akapokea.

"Mama, shikamoo. Tazama samaki!"

"Marahaba. Eee!" Sauti ya mama yake ilitoka safi kama yuko ng'ambo ya mto. "Wakubwa hivyo! Na hao watu wamesimama tu? Hakuna hata mwenye wavu?"

"Hairuhusiwi hapa, Mama. Wanatazama tu."

"Kutazama samaki." Mama akaguna. "Basi hamna njaa huko. Geuza nikuone uso."

Donatienne akageuza. Kwenye kioo alimwona mama yake barazani, kitambaa cheupe kichwani, jua la jioni la Uvira limemwangukia shavuni. Miguu imenyooshwa kwenye kigoda. Mbele yake meza ndogo na sahani iliyofunikwa.

"Fabrice ameongea nawe?" Mama akauliza. "Tangu jana hajarudi. Simu yake haiiti. Wanasema amekwama Baraka, gari hakuna."

"Hajaongea nami, Mama." Hilo lilikuwa kweli.

"Mh."

Nyuma ya mama yake, uani, wanawake walikuwa wakipita. Mmoja alibeba viti vya plastiki vinne vimepandana. Mwingine alishusha sufuria kubwa, ya watu wengi. Hawakuangalia upande wa baraza. Donatienne aliwajua wote kwa majina, na alijua kiti kinachofuata kitawekwa wapi.

"Hawa mama wa kanisa wamenivamia leo," Mama akasema, bila kugeuka. "Wanasema ni maombi. Wamenipikia ugali na samaki, mikebuka, jua hata halijazama. Mimi nimewaambia sina hamu."

Maji yalinguruma. Mtu alishangilia ukingoni, na Brice alikuwa anapiga kelele kwamba yule mwenye doa amepita, amepita, ameuruka ukuta! Donatienne hakugeuka. Télesphore alikuwa amekitoa kitenge cha kijani sasa, bila kujificha, akamfunika nacho mabegani.

Mama yake alikiona. Alikitazama kile kitenge muda mrefu kwenye simu yake ndogo, akautazama uso wa bintiye, na hakuuliza mbona umevaa kitenge juu ya koti.

"Mama," Donatienne akasema, "kula kwanza. Mimi pia nimekula."

Halafu mama yake akaegemeza simu kwenye bakuli la maji, akanawa mkono wa kulia, akafunua sahani. Akamega tonge, akalifinyanga, akachovya, akala. Alitafuna kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi anayoifahamu. Tonge la pili. La tatu. Donatienne akamtazama hadi mwisho, ameishika simu kwa mikono yote miwili, huku akihesabu matonge bila kutaka. Uani wanawake walikuwa wameacha kupitapita.

Sahani ilipobaki na miiba tu, Mama akanawa, akapangusa vidole kimoja kimoja kwenye ncha ya kitenge chake. Kisha akazishika ncha zote mbili, akajifunga kiunoni, kwa nguvu.

"Haya, Dona," akasema. "Nimekula. Sema."

Donatienne akaangalia kwanza kama kuna mtu karibu na mama yake. Walikuwapo wanawake wawili, mmoja kila upande, wameshamwekea mikono mabegani. Ndipo akasema.